Kusubiri Soketi bila Kumaliza Betri: Mbinu kwa Seva Ndogo za Kasongo na Kabambare

Kasongo, mji wa kusini mwa Maniema nchini Kongo, una historia yake katika hesabu za afya. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa kikosi cha Mradi wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Watoto wa Kasongo walihesabiwa, na dunia ikaisoma hesabu yao. Leo wizara ya afya ya Kongo hukusanya takwimu zake katika mfumo wa DHIS2, na namba za kituo cha kijijini husafiri kwa mawimbi ya simu au kwa satelaiti. Anayeandika programu ya kuzipokea amebeba jukumu zito: mtoto aliyehesabiwa Kabambare asipotee njiani.

Makala haya ni ya mwandishi huyo wa programu, na ya fundi atakayeitunza baada yake. Tuseme una kompyuta ndogo ya Linux mjini Kasongo, inayoendeshwa na paneli ya jua na betri. Inapokea ripoti kutoka Samba, Kunda, Lusangi na Kabambare yenyewe, zaidi ya kilomita 100 upande wa mashariki. Vituo vingine vinatumia rezo ya simu, vingine antena ya satelaiti. Kila kituo kinachojiunga hupewa soketi yake ndani ya keneli, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia vifaa, kumbukumbu na mtandao. Muda mwingi soketi hizo ziko kimya. Kwa hiyo kazi kubwa ya seva yako, usiku na mchana, ni kungoja, na namna inavyongoja ndiyo itakayoamua kama betri itafika asubuhi na kama ripoti itapokelewa.

Kinachotokea ndani ya keneli

Pakiti inapofika, kadi ya mtandao huishtua prosesa. Keneli huipitisha pakiti katika tabaka za IP na TCP, kisha huweka data kwenye foleni ya kupokelea ya soketi inayohusika. Halafu hutazama orodha ya wanaoisubiri soketi hiyo na kumwamsha aliyelala. Programu iliyolala kwenye orodha hiyo haitumii prosesa hata kidogo mpaka iamshwe.

Wengi wanaoanza hawaitumii nafasi hiyo. Huandika mzunguko unaopita soketi moja baada ya nyingine ukiuliza, "Una kitu? Una kitu?", na ukimaliza unaanza tena. Msafiri wa mto Lualaba anayeteremka kivukoni kila dakika kuuliza kama mtumbwi umerudi atachoka kabla ya kuvuka. Mwenye busara huacha jina lake kwa mpiga kasia na kukaa kivulini mpaka aitwe.

Piga hesabu ya umeme. Kasongo iko karibu nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, na usiku wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na kwa kuwa betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, unayo 42 tu ya kutumia. Mzunguko wa kuuliza bure ukiongeza wati 1 tu, mpaka alfajiri umekula wati-saa 12, zaidi ya robo ya akiba yako. Wala haujapokea ripoti hata moja ya ziada.

1. Iachie keneli kazi ya kusubiri

Mifumo ya jamii ya Unix ina miito iliyotengenezwa kwa kazi hii. Wa kwanza kuenea ni select, uliokuja na 4.2BSD mwaka 1983. Unaipa keneli orodha ya soketi, inakulaza, na inakuamsha moja ikiwa tayari. Baadaye ukaja poll, wenye kazi ile ile lakini usio na kikomo cha namba za faili. Katika Linux, Davide Libenzi aliandika epoll, iliyoingia katika keneli ya majaribio ya 2.5 mwaka 2002 na kufika kwa watumiaji wa kawaida na toleo la 2.6 mwishoni mwa 2003. FreeBSD ilikuwa imetangulia na kqueue mwaka 2000.

Tofauti yao iko hapa. Kwa select na poll, unaikabidhi keneli orodha nzima kila unapoita. Nayo huipitia soketi kwa soketi, hukuandikisha kwenye kila orodha ya wanaosubiri, na ukiamka hukufuta kote. Kwa epoll, unaiandikisha soketi mara moja kwa epoll_ctl, na jina lako hubaki pale. Data ikifika, keneli huiweka soketi hiyo kwenye orodha ya zilizo tayari, na epoll_wait hukurudishia hizo tu. Ukiwa na soketi 5,000 na 3 ndizo zina habari, epoll inakupa 3.

Uchague upi? Kwa soketi makumi kadhaa, poll inatosha kabisa, na programu yako itaendeshwa bila mabadiliko kwenye mifumo mingine. Zikifika mamia, tumia epoll. Usitumie select katika programu mpya: kwenye Linux ya kawaida haiwezi kushika namba ya faili inayofika 1024, na ukiilazimisha itaharibu kumbukumbu ya programu. Kama unaandika kwa Python, moduli ya selectors hukuchagulia njia bora iliyopo kwenye mashine.

2. Kila soketi iwe isiyongojesha

Keneli ikisema soketi iko tayari, inakueleza hali ya wakati ule tu. Kwenye Linux inawezekana pakiti ifike, uamshwe, kisha pakiti hiyo ikaguliwe, ionekane imeharibika na kutupwa. Ukienda kusoma kwa soketi ya kawaida, utakwama hapo huku vituo vingine vyote vikingoja. Kwa hiyo weka O_NONBLOCK kwenye kila soketi, pamoja na ile inayopokea wageni wapya. Soketi ikiwa tupu utapata jibu la EAGAIN, na maana yake ni rahisi: rudi kulala.

epoll ina tabia mbili. Kwa kawaida hukuamsha maadamu kuna data ambayo hujaisoma. Ukiomba EPOLLET, hukuamsha pale tu hali inapobadilika. Ukiacha baiti chache bila kuzisoma, huenda usiamshwe tena mpaka nyingine zifike. Anza na tabia ya kawaida. EPOLLET inafaa pale ambapo una hakika kwamba kila ukiamshwa unasoma mpaka EAGAIN, na seva ya ripoti za afya haina sababu ya kuihitaji.

Tena, usitegemee ripoti kufika nzima. Rezo dhaifu huikata vipande: baiti 40 sasa, 300 baada ya nusu dakika. Ipe kila soketi bafa yake, tanguliza urefu wa ripoti mwanzoni mwa ujumbe, na usichakate chochote mpaka urefu huo utimie. Weka pia ukubwa wa juu unaokubaliwa, ili mteja mmoja mwenye hitilafu asijaze kumbukumbu yote.

Ikiwa unatumia usimbaji wa TLS, na ripoti za wagonjwa zinauhitaji, kuna mtego mmoja. Maktaba ya TLS yaweza kuwa imekwisha kuvuta data kutoka kwenye soketi na kuiweka kwenye bafa yake. Keneli itakwambia soketi ni tupu, nawe utalala ilhali ripoti unayo mkononi. Kabla ya kurudi kulala, soma kutoka kwenye maktaba mpaka ikujibu kwamba haina kitu.

3. Ziba mianya inayozungusha prosesa bure

Seva inaweza kutumia epoll na bado ikala asilimia 100 ya prosesa. Sababu zinazokutwa mara nyingi ni hizi:

Kuomba habari za kuandika wakati huna cha kuandika. Soketi yenye nafasi kwenye bafa ya kutumia huwa tayari kuandikwa karibu wakati wote. Ukiiacha EPOLLOUT imewashwa, epoll_wait itarudi papo hapo, milele. Iwashe pale tu uandishi wako umekataliwa kwa EAGAIN, na uizime ukishamaliza.

Kutofunga soketi ambayo upande wa pili umeondoka. Kusoma kukirudisha 0, mwenzako amemaliza kutuma. Usipoifunga, soketi hiyo itahesabiwa iko tayari kila mara.

Kupuuza EPOLLHUP na EPOLLERR. Keneli hutoa taarifa hizi hata kama hukuziomba. Andika sehemu ya kuzishughulikia: soma sababu ya kosa, funga soketi, futa bafa yake.

Kuishiwa namba za faili. Mifumo mingi ya Linux huanza na kikomo cha 1024 kwa kila mchakato. Kitazame kwa ulimit -n. Kikijaa, accept hukataa kwa EMFILE, lakini mgeni bado yuko kwenye foleni, kwa hiyo soketi ya kupokelea inaendelea kusema iko tayari. Dawa ya kuaminika ni kufungua faili moja ya akiba mapema. Ukipata EMFILE, ifunge hiyo, mpokee mgeni, mfungie, kisha uifungue akiba tena. Vinginevyo, acha kuisubiri soketi ya kupokelea kwa sekunde chache.

Kuita epoll_wait kwa muda wa 0, au wa milisekunde 10 "kwa usalama". Muda wa 0 ni kule kule kuuliza bila kulala. Milisekunde 10 ni kuamka mara 100 kwa sekunde bila sababu. Tazama ni soketi gani ukomo wake wa ukimya (utaelezwa katika sehemu ya 4) uko karibu zaidi, na ulale mpaka hapo.

Ili kujua seva yako iko upande gani, iache bila kazi na uendeshe strace -c -p pamoja na namba ya mchakato kwa dakika moja. Ukikuta miito maelfu, kuna mwanya hujauziba.

4. Ukimya usiufanye dalili ya uhai

Katika mji wenye nyaya imara, muunganisho ukifa kwa kawaida unapata taarifa. Kusini mwa Maniema mara nyingi hupati. Simu inaingia bondeni, mvua kubwa inaziba mawimbi ya satelaiti, betri ya kituo inakatika. Hakuna pakiti ya kuaga, na kwa upande wa keneli ya Kasongo soketi bado ni nzima. epoll haitakuamsha kwa sababu hakuna kilichotokea.

Tazama mipangilio ya kawaida ya Linux. TCP keepalive, kwanza, haifanyi kazi mpaka uiwashe kwenye soketi. Ukiiwasha, husubiri sekunde 7,200, kisha hutuma vipimo 9 kila baada ya sekunde 75. Ni saa 2 na dakika 11 kabla ya kukubali kwamba mwenzako hayupo. Ukiwa umetuma data ambayo haikujibiwa, keneli hurudia kutuma kwa robo saa hivi kabla ya kukata tamaa. Soketi mfu zikijilimbikiza hivyo kila rezo inapoanguka, ndipo EMFILE inapokukuta.

Fanya hivi. Ipe kila soketi ukomo wa ukimya, kwa mfano dakika 2 bila baiti yoyote, na ukipita uifunge. Kwa data uliyotuma, weka TCP_USER_TIMEOUT, ambayo hupimwa kwa milisekunde, ili keneli isirudie bila mwisho. Punguza muda wa keepalive kwa soketi ambazo ni lazima zikae wazi, kwani vifaa vya kampuni za simu vinavyogawana anwani huweza kufuta muunganisho uliokaa kimya muda mfupi tu.

Lakini kwa ripoti zinazotumwa mara moja kwa siku au kwa wiki, ushauri wangu ni huu: usishike muunganisho kutwa nzima. Kituo kifungue soketi, kitume, kipokee stakabadhi, kifunge. Mapigo ya kuthibitisha uhai kila dakika yanamaliza vocha ya muuguzi na betri ya simu yake bila kumsaidia mgonjwa.

Stakabadhi nayo itolewe kwa uaminifu. Mwito wa send ukifaulu, data imefika kwenye bafa ya keneli ya simu ile ile, haijafika Kasongo. Seva ijibu "nimepokea" baada tu ya kuiandika ripoti kwenye diski kwa fsync. Kila ripoti iwe na namba yake ya kipekee, ili ikitumwa mara mbili baada ya rezo kukatika isihesabiwe mara mbili. Na rezo inaporudi, vituo vyote visirukie seva kwa pamoja: kila kimoja kisubiri sekunde za kubahatisha, na kikishindwa kiongeze muda huo maradufu.

5. Tumia saa isiyorudi nyuma

Hapa mafundi wengi huteleza. Kompyuta ndogo nyingi, pamoja na Raspberry Pi hadi toleo la 4, hazina saa yenye betri yake. Umeme ukikatika na kurudi, mashine huamka na saa ya zamani mpaka ipate saa sahihi kwa mtandao, kisha inaruka mbele kwa saa kadhaa au siku. Ikiwa ukomo wa soketi zako umehesabiwa kwa saa ya ukutani, zote zitaonekana zimepitwa na wakati kwa pamoja, na utawafungia watu walio katikati ya kutuma.

Hesabu muda wote wa kusubiri kwa CLOCK_MONOTONIC, au time.monotonic() kwa Python. Saa hiyo huenda mbele tu. Saa ya ukutani iache kwa kuandika tarehe ya kupokelewa.

6. Kusubiri kwa macho wazi kuna mahali pake

Msomaji aliyechimba Linux atauliza: mbona keneli yenyewe huulizia kadi ya mtandao? Ni kweli. Utaratibu wa NAPI huruhusu pakiti ya kwanza ishtue prosesa, kisha huzima mishtuko na kuchota pakiti kwa mafungu mpaka kadi iwe tupu, ndipo huiwasha tena. Kanuni yake ni njema: uliza pale unapojua jibu lipo, lala pale ambapo halipo.

Tangu Linux 3.11 ya mwaka 2013, programu nayo inaweza kuomba keneli ikeshe ikiichungulia kadi, kwa SO_BUSY_POLL au net.core.busy_poll. Faida yake ni mikrosekunde, na inawafaa wenye vituo vikubwa vya data wanaolipia kila mikrosekunde. Kwako hali ni tofauti: satelaiti isiyosogea juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kwenda juu. Swali na jibu hupanda na kushuka mara mbili, na mwanga peke yake huchukua karibu milisekunde 477. Hata kwa satelaiti za chini, kama za Starlink iliyopewa leseni Kongo mwaka 2025, unazungumzia makumi ya milisekunde. Kuokoa mikrosekunde chache hapo ni kuchoma umeme. Iache net.core.busy_poll kwenye 0.

7. Ijaribu kabla ya safari

Iwe unaipeleka seva Kasongo au Kabambare, barabara ya masika haikusamehi ukisahau kitu. Fanya majaribio haya ukiwa bado mezani.

La kwanza, unda mtandao mbaya: tc qdisc add dev eth0 root netem delay 600ms 50ms loss 5%. Badilisha eth0 kwa jina la kadi yako. Tuma ripoti kutoka kwa wateja 50 kwa pamoja na uhakikishe zote zimepata stakabadhi.

La pili, ua mtandao bila kuua programu. Ukiizima programu ya mteja kwa kill, keneli yake itafunga soketi na kuiarifu seva, kwa hiyo hujapima kitu. Chomoa antena, au tupa pakiti kwa iptables. Kisha tazama kwa ss -tno kama soketi zile zinatoweka ndani ya ukomo ulioweka.

La tatu, iache seva usiku kucha bila kazi, kwa betri ileile itakayosafiri nayo, na asubuhi usome volti.

La nne, kata umeme katikati ya kupokea, uurudishe, na ulinganishe stakabadhi zilizotolewa na ripoti zilizo kwenye diski. Kila stakabadhi iwe na ripoti yake.

Seva ikishindwa hata jaribio moja kati ya haya manne, usiipeleke. Ikifaulu yote, andika mipangilio yake kwa Kiswahili kwenye karatasi, ibandike kando ya mashine, na umfundishe angalau mtu mmoja wa hapo hapo namna ya kuisoma ss na kuiwasha seva upya. Wewe utaondoka, atakayeitunza ni yeye.